Mafuriko ya Kimbunga Harvey huko Houston: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo watu huuliza zaidi kuhusu siku za mwisho za Agosti 2017, kimbunga Harvey kilipokwama juu ya kusini-mashariki mwa Texas na kuligeuza jiji la Houston na miji jirani kuwa ziwa. Karibu kila jibu linarudi kwenye jambo moja: simu za dharura, barabara, mabwawa, umeme na maji ya bomba vyote vililemewa kwa wakati mmoja, na katika saa hizo aliyefika mlangoni mara nyingi alikuwa jirani.

Kwa nini Harvey kilimwaga mvua nyingi kiasi kile?

Harvey kilitua karibu na mji wa Rockport usiku wa 25 Agosti 2017 kikiwa kimbunga cha daraja la nne, chenye upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Kwa kawaida kimbunga kikishaingia nchi kavu huendelea na safari huku kikipungua nguvu, na mahali pamoja hupata mvua yake kwa siku moja hivi. Upepo wa Harvey ulipungua, lakini chenyewe hakikuondoka. Mikondo ya hewa ambayo ingekisukuma ilikuwa dhaifu mno, hivyo kikabaki kikizungukazunguka kati ya pwani na Ghuba ya Meksiko, kikivuta mvuke kutoka kwenye bahari yenye joto na kuumwaga juu ya watu wale wale, usiku baada ya usiku, hadi kilipotua tena katika jimbo la Louisiana tarehe 30 Agosti. Kipimo cha mvua cha mji wa Nederland, huko huko Texas, kilifikia milimita 1,539, kiasi kinachozidi mvua ambayo Houston hupata kwa mwaka mzima, na hakijawahi kurekodiwa kimbunga kilichonyesha zaidi ya hapo katika Marekani bara. Wanasayansi waliochunguza tukio hilo walikadiria kwamba ongezeko la joto duniani liliizidisha mvua hiyo kwa takriban asilimia 15 au zaidi.

Ni vyema kukumbuka kwamba daraja la kimbunga hupima upepo peke yake. Houston ilipokuwa inazama, Harvey kilikuwa kimeshashuka na kuhesabiwa kuwa dhoruba tu, na neno hilo liliwatuliza watu wengi ambao hawakupaswa kutulia.

Je, ukubwa wa mvua peke yake unatosha kueleza mafuriko yale?

Hautoshi, ingawa jiji lolote lingepata taabu chini ya mvua kama ile. Houston imejengwa kwenye tambarare yenye udongo wa mfinyanzi usiofyonza maji haraka, na maji yake hutoka kupitia mito ya polepole ambayo wenyeji huiita bayou, kama vile Buffalo Bayou na Brays Bayou. Baadhi ya maeneo yamekuwa yakititia kwa miongo mingi kutokana na uchotaji wa maji ya ardhini. Kwa muda huohuo jiji lilipanuka bila sheria ya kugawa ardhi kwa matumizi maalumu kama ilivyo katika majiji mengine makubwa ya Marekani, na mbuga zilizokuwa zikipokea maji zikafunikwa kwa lami na saruji.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba mitaa yenyewe ya Houston ilisanifiwa ishike maji ya ziada mifereji inapojaa, ili nyumba zibaki kavu. Mpango huo unafaa kwa mvua ya saa chache. Kwa mvua ya siku nne, maana yake ni kwamba barabara ambayo gari la wagonjwa linaihitaji ndiyo hiyohiyo inayotumika kama mfereji.

Kwa nini wakazi hawakuamriwa kuhama kabla ya kimbunga?

Swali hili bado linauma. Gavana Greg Abbott aliwashauri watu wafikirie kuondoka, ilhali Meya Sylvester Turner na kiongozi wa Kaunti ya Harris (wilaya ambamo Houston imo), Ed Emmett, waliwaambia wabaki majumbani. Wengi waliona huo ni mgongano wa viongozi, na kweli ulikuwa, lakini uamuzi wa jiji ulikuwa na historia nyuma yake. Mnamo Septemba 2005, wiki chache tu baada ya kimbunga Katrina, mamilioni ya watu waliikimbia Houston kwa hofu ya kimbunga Rita. Barabara kuu zilijaa magari yasiyosogea, mafuta yakaisha, joto likawa kali, na basi lililobeba wazee wa nyumba ya kulelea likawaka moto na kuua watu 23. Kwa jumla watu wapatao 100 walikufa katika kuhama kwenyewe.

Isitoshe, mtu anayekimbia upepo wa pwani anaweza kuonyeshwa eneo la kuhama kwenye ramani. Kwa mvua hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ni mitaa ipi itakayofurika, na gari barabarani ni mahali pabaya kuliko vyote pa kukutwa na maji. Familia moja ilipoteza watu sita, wanne kati yao watoto, gari lao liliposombwa, na ofisa mmoja wa polisi alizama akiwa njiani kwenda kazini. Kwa maoni yetu, kutoamuru kuhama kwa jiji zima kulikuwa na hoja. Kisichokuwa na utetezi ni kwamba waliokuwa wakiishi nyuma ya mabwawa hawakuonywa mapema na kwa ukamilifu, jambo ambalo tunalieleza hapa chini.

Watu walipopiga 911, namba ya simu za dharura, hawakujibiwa. Nini kilitokea?

Simu zilizoingia usiku wa kuamkia Jumapili 27 Agosti zilikuwa makumi ya maelfu, mara kadhaa zaidi ya zile za siku ya kawaida. Wapokeaji walikuwepo kazini, lakini foleni ilikuwa ndefu, na hata simu ilipopokelewa, kikosi cha kutuma hakikuwepo au hakikuwa na njia ya kufika. Polisi na zima moto wa Houston walikuwa na boti na magari marefu machache tu ukilinganisha na ukubwa wa Kaunti ya Harris, yenye eneo la takriban kilomita za mraba 4,600. Ndipo watu walipoanza kuandika anwani zao kwenye mitandao ya kijamii, pamoja na idadi ya watoto, umri wa bibi, dawa zilizobaki, na kama maji yalikuwa yamefika magotini au kiunoni.

Ni nani hasa waliowaokoa watu?

Waokoaji walikuwa wa aina nyingi: zima moto, polisi, Walinzi wa Pwani waliotumia helikopta kuwanyanyua watu juu ya mapaa, na Walinzi wa Taifa wa Texas, ambao gavana aliwaita wote, takriban 12,000. Lakini idadi kubwa ya watu waliotolewa majumbani walitolewa na raia wenye boti zao wenyewe. Wengi wao walikuwa wavuvi na wawindaji wa bata, na baadhi walivuka kutoka Louisiana chini ya jina la Cajun Navy, mkusanyiko wa wajitolea ambao asili yake ni mafuriko ya Katrina ya mwaka 2005 na ambao ulirudi kazini katika mafuriko ya Louisiana ya 2016. Waliwasiliana kwa Zello, programu ya simu inayofanya kazi kama redio ya upepo: aliyeko nyumbani kwake mji wa mbali alipokea maombi, akayapanga kwa mitaa, akamtajia mwenye boti nyumba inayofuata.

Inafaa kuitazama kazi hiyo kwa karibu ili ieleweke kwa nini boti za wavuvi zilifaa. Boti ya kuvulia kwenye mabwawa ina kitako bapa na hupita kwenye maji yasiyofika magotini. Mtu mmoja hukaa mbele na upondo akipima kina, kwa kuwa chini ya maji yale ya kahawia kuna magari, uzio, masanduku ya barua na mashimo ya maji taka ambayo mifuniko yake imeng'olewa. Injini huinuliwa boti inapokaribia kibaraza, na wengine hushuka kuivuta kwa kamba. Mzee hupakiwa pamoja na mfuko wa dawa na hati zake. Baada ya hapo boti hupelekwa taratibu, kwa sababu wimbi lake peke yake linaweza kuingiza maji katika nyumba ambayo ilikuwa imenusurika kwa kimo cha kidole.

Na si boti tu. Katika jengo moja la makazi, majirani walishikana mikono na kuunda mstari ndani ya maji yaliyokuwa yakienda kwa kasi, wakampitisha mwanamke aliyekuwa ameshikwa na uchungu wa kujifungua hadi kwenye lori kubwa lililompeleka hospitalini. Katika duka moja la mikate, waokaji waliokwama kazini kwa siku mbili waliendelea kuoka mchana na usiku, na mikate yao ikaenda kwa waliopoteza makazi. Misikiti, makanisa na hata maduka ya samani yalifungua milango ili watu walale.

Je, uokoaji wa kujitolea si hatari?

Ni hatari, na anayeusifu bila kulisema hilo anawakosea waliokufa. Boti moja ya wajitolea ilisukumwa na mkondo hadi kwenye nyaya za umeme, na baadhi ya waliokuwamo hawakurudi. Zaidi ya hayo, raia hawakuwa na orodha moja ya pamoja: nyumba moja ilifikiwa na boti tatu wakati nyumba ya mtaa wa pili ikingoja, na ombi lililosambazwa mtandaoni liliendelea kuzunguka saa nyingi baada ya wahusika kuokolewa.

Kuna ukosefu mwingine wa usawa usiotajwa mara nyingi. Aliyekuwa na simu yenye chaji, akaunti ya mtandao na Kiingereza cha kujieleza alionekana haraka. Wahamiaji wasio na vibali walikuwa na hofu ya kukutana na mtu yeyote mwenye sare, hasa kwa kuwa jimbo lilikuwa linajiandaa kuanza kutumia sheria kali ya uhamiaji wiki hiyohiyo, na baadhi yao walisita kuomba msaada. Mpango mzuri wa jamii huanza kabla ya mvua, kwa mtu wa kila mtaa kujua nani anaishi peke yake, nani anatumia mashine ya oksijeni na nani hasomi ujumbe wa simu.

Mabwawa ya Addicks na Barker yalihusikaje?

Mabwawa haya mawili yalijengwa magharibi mwa jiji na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani katika miaka ya 1940, baada ya mafuriko ya 1929 na 1935 kuharibu katikati ya Houston. Siku za kawaida huwa makavu, yakiwa na miti, viwanja vya michezo na njia za baiskeli. Mvua ikinyesha milango hufungwa ili maji yakusanyike nyuma ya kingo za udongo, kisha yaachiwe kidogo kidogo kuingia Buffalo Bayou.

Serikali haikununua ardhi yote ambayo maji yangeweza kuifikia bwawa likijaa kabisa. Sehemu iliyobaki mikononi mwa watu binafsi iligeuzwa vitongoji, na maelfu ya familia zilinunua nyumba zilizomo ndani ya bwawa bila wengi wao kujua. Harvey kilipokuja, maji yalirudi nyuma na kuzijaza. Usiku wa kuamkia 28 Agosti wahandisi walifungua milango huku mvua ikiendelea, kwa kuwa maji yalikuwa yakipanda kwa kasi na kulikuwa na hofu ya kuyaacha yazunguke kingo bila udhibiti, na nyumba za upande wa chini ambazo zilikuwa bado kavu zikafurika kwa siku nyingi. Addicks lilipitwa ukingoni hata hivyo.

Mnamo Desemba 2019 jaji wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba serikali inawajibika kwa mali za upande wa juu, akieleza kwamba mafuriko yale yalitokana na jinsi mabwawa yalivyosanifiwa na kuendeshwa. Tunalitaja hili kwa msisitizo kwa sababu ndilo somo ambalo wakazi wa maeneo kama hayo wana haki ya kulidai kwa sauti: aliyejua kiwango cha maji alikuwepo miaka mingi kabla, na taarifa hiyo haikufika kwenye meza ya mnunuzi.

Hospitali zilihimili vipi?

Kwa sehemu kubwa zilihimili, na sababu yake ni kumbukumbu. Mwaka 2001 dhoruba Allison ilijaza maji vyumba vya chini vya eneo la hospitali la Texas Medical Center, mahali palipowekwa jenereta, swichi za umeme na maabara, na wagonjwa wakashushwa ngazi kwa mikono gizani. Baada ya hapo yaliwekwa malango mazito yanayozuia maji kwenye mapito ya chini, na vifaa vya umeme vikapandishwa juu. Mwaka 2017 malango hayo yalifungwa na kufanya kazi. Shida ikawa njia: wauguzi walilala kazini kwa siku kadhaa kwa kuwa wenzao hawakuweza kufika kuwapokea, na wagonjwa wanaosafishwa damu mara tatu kwa wiki walibaki majumbani wakihesabu siku.

Inawezekanaje mji uliozungukwa na maji ukose maji?

Hicho ndicho kilichoupata mji wa Beaumont, mashariki mwa Houston. Tarehe 31 Agosti mto Neches ulizamisha pampu kuu ya mji, pampu ya akiba nayo ikashindwa, na mabomba yakakauka kwa wakazi zaidi ya 100,000. Hospitali moja ililazimika kuwahamisha wagonjwa kwa sababu haiwezi kuendeshwa bila maji ya kusafishia vifaa, kupozea mitambo na kuendeshea vyoo. Watu walipanga foleni ndefu kupokea chupa.

Siku hiyohiyo, katika mji wa Crosby, kemikali za kiwanda kimoja ambazo lazima zihifadhiwe kwenye baridi ziliwaka moto baada ya umeme kukatika na jenereta za akiba kuzama. Wakazi waliokuwa umbali wa hadi kilomita 2.4 walikuwa wamehamishwa, lakini baadhi ya waliofika kulinda eneo waliugua kutokana na moshi. Ukiyatazama matukio haya mawili utaona kosa moja: kifaa cha akiba kiliwekwa mahali ambapo janga lililoua kifaa cha kwanza lingekifikia nacho.

Vituo vya hifadhi vilikuwaje?

Ukumbi wa mikutano wa George R. Brown uliandaliwa kwa watu 5,000 na ukapokea takriban mara mbili ya hao. Vitanda viliisha mapema, na wengine wakalala sakafuni wakiwa na nguo mbichi. Misaada ilifika kwa wingi mno, hasa nguo, hadi kazi ya kuzichambua ikawachosha wajitolea. Vilivyopungukiwa vilikuwa vile visivyovutia kuchangiwa: soksi na nguo za ndani mpya, nepi za watu wazima, dawa za kisukari, miwani ya kusomea. Anayetaka kuchangia janga lolote atasaidia zaidi kwa kuuliza kwanza kinachohitajika, au kwa kutoa fedha.

"Mafuriko ya miaka 100" maana yake nini?

Maana yake ni mafuriko yenye uwezekano wa asilimia moja kutokea katika mwaka wowote. Hayana ahadi ya kusubiri miaka mingine 99. Katika muda wa mkopo wa nyumba wa miaka 30, uwezekano huo hujumlika na kufikia takriban nyumba moja katika kila nyumba nne. Tungependelea maofisa waache kutumia msemo huo mbele ya wananchi.

Je, bima haikuwafidia waathirika?

Wengi hawakuwa nayo. Bima ya kawaida ya nyumba nchini Marekani haigusi mafuriko. Mtu hulazimika kununua bima ya pekee, hasa kupitia mpango wa taifa ulioanzishwa mwaka 1968, nayo kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa. Benki hulazimisha bima hiyo kwa nyumba zilizo ndani ya eneo lililochorwa kuwa la hatari, na nyumba nyingi zilizofurika zilikuwa nje ya mchoro. Hasara yote ilikadiriwa kufikia dola bilioni 125, na majengo zaidi ya 300,000 yaliingia maji.

Maji yakishapungua, kazi ya kwanza ni ipi?

Ni kukausha, na haingoji. Kuta za ndani za nyumba nyingi za huko ni mbao zilizofunikwa kwa jipsamu, ambayo hunyonya maji kwenda juu kama utambi, kwa hiyo alama ya maji ukutani hudanganya. Majirani na vikundi vya wajitolea walipita nyumba kwa nyumba wakikata ukuta kwa kimo cha mita moja na robo hivi kutoka sakafuni, wakitoa sufi ya ndani na kuacha mbao wazi mbele ya feni. Ukungu huanza kuota ndani ya siku moja au mbili. Maji yale yalichanganyika na maji taka na mafuta, kwa hiyo glavu, buti na barakoa zilihitajika, na aliyejikata alipaswa kuwahi sindano ya pepopunda. Piga picha za kila kitu kabla ya kukitupa, kwa ajili ya madai ya bima au msaada.

Fedha za kujenga upya zilikwenda wapi?

Tarehe 25 Agosti 2018, mwaka mmoja kamili baada ya kimbunga kutua, wapiga kura wa Kaunti ya Harris waliidhinisha mkopo wa dola bilioni 2.5 kwa ajili ya kupanua mito na kuchimba mabwawa ya kupunguza mafuriko. Wiki hiyo hiyo jiji lilikuwa likijiandaa kuanza kanuni mpya inayotaka nyumba mpya zinyanyuliwe juu zaidi ya awali. Ugomvi ulikuja kwenye mgao. Kanuni za shirikisho hupima mradi kwa thamani ya mali itakayookolewa, na kwa kipimo hicho mtaa wa nyumba ghali hushinda mtaa wa nyumba duni hata kama wenye nyumba duni hawana mahali pengine pa kwenda. Mwaka 2019 kaunti iliamua kuzingatia pia udhaifu wa wakazi katika kupanga miradi. Mwaka 2021 ofisi ya jimbo iliyogawa takriban dola bilioni moja za shirikisho haikuitengea Houston hata senti katika mgao wa kwanza, na mwaka uliofuata wizara ya makazi ya shirikisho ilibaini kwamba vigezo vilivyotumika viliwabagua wakazi weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Wakazi wa kaskazini-mashariki mwa jiji, ambao mifereji yao mingi ni mitaro ya wazi kandokando ya barabara, ndio waliofuatilia suala hilo kwa kuhudhuria vikao, kupiga picha mitaro iliyoziba na kuwasilisha malalamiko rasmi.